Fundi Amepumzika

Mtu akikuambia kwamba Mama Mwiko alikuwa mtu wa maneno machache, ujue huyo hajawahi kumwona. Mwanamke yule alikuwa na maneno ya kulisha shule nzima, na shule nzima aliilisha kweli, kwa sababu alikuwa mpishi mkuu wa wanafunzi wa bweni tangu enzi za walimu ambao siku hizi wanatembelea mkongojo. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa ajili ya mwiko wake mrefu, uliomfikia begani, ambao hakutaka mtu mwingine aushike. Alikoroga huku akisema, alisema huku akikoroga, na ole wako upite karibu na sufuria yake umenyamaza. Angekuuliza unaficha nini.

Jumapili maneno yale yale aliyapeleka kanisani. Huko aliongoza kikundi cha faraja, wale akina mama ambao msiba ukitokea wao ndio wa kwanza kubisha hodi. Alikiongoza kama alivyoongoza jiko, kwa amri. Hakuna kwenda kwa mfiwa peke yako, mnakwenda kundi. Hakuna kusema habari njiani. Na kabla hujafungua mdomo wako, mwondolee mfiwa chochote alichoshika. Hilo alilisisitiza sana, maana zamani mama mmoja alipewa habari akiwa na birika la maji ya moto mkononi, na baada ya mazishi wakaanza kumuuguza miguu.

Halafu kulikuwa na suala la neno. Neno "kufa" alilipiga marufuku. Mkristo hafi, alisema, Mkristo anapumzika mpaka Bwana wake amwamshe, kwa hiyo asimsikie mtu wa kikundi chake akisema fulani amekufa kama vile anazungumzia kuku. Mwanakikundi mmoja mgeni alijisahau, akasema mbele ya watu kwamba marehemu alikufa alfajiri. Mama Mwiko alimkatiza pale pale, akasema alipumzika alfajiri, kisha akaendelea na sala. Yule mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Toka siku hiyo mtaa mzima ulishika adabu, na kanisani kwao ukisema tu kwamba mzee fulani amepumzika, watu wanavua kofia.

Mume wake alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Fundi tu, hata mke wake. Huyu maneno alimwachia mkewe. Kanisani alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alikuwa akiikagua kona ya ukuta kuona kama imesimama wima. Mabinti zao wawili walikuwa wameolewa mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wao wenyewe, mmoja anasema, mwingine anaitikia "mm". Usidhani walikuwa na shida. Walipendana kwelikweli.

Sasa, Fundi alianguka. Ubao wa jukwaa alilosimamia ulikatika, akaporomoka pamoja na mawe, na jiwe moja likampiga mguu wa kushoto likausaga. Hospitali walimfunga, wakamsafisha, wakampa dawa, lakini baada ya siku kadhaa mguu ulibadilika rangi, na daktari akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Wanataka kuufungua mguu wausafishe ndani. Ikionekana umeoza, itabidi waukate, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na mgonjwa hatapona.

Fundi aliposikia kukatwa, alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Alisema yeye kazi yake ni kupanda jukwaa, na kuliko kukatwa mguu afadhali azikwe na miguu yake yote miwili. Daktari akamweleza kwa upole kwamba ikifika huko, wao wataokoa uhai kwanza, na kama hakubali hilo hawawezi kumfungua. Fundi akamgeukia mke wake. Alimtazama tu, kama anavyomtazama kibarua wake akitaka ampe kipimo cha ukuta.

"Haitafika huko," Mama Mwiko alisema. "Huo mguu nimeshaukabidhi kwa Mungu. Daktari, msumeno wako uweke mbali."

Alisema kwa sauti ya wodi nzima kusikia, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Kwa neno hilo Fundi akakubali. Kwa neno la mke wake, si la daktari.

Siku ya upasuaji hospitali iliruhusu ndugu mmoja tu kukaa na mgonjwa, na Mama Mwiko akamwachia nafasi wifi yake, dada yake Fundi. Wifi alikuwa mshonaji wa nguo, mtu wa kusema jambo kama lilivyo, tena kwa ufupi. Choo anakiita choo na kifo anakiita kifo, na kwenye kile kikundi cha faraja hakumaliza hata mwezi. Alimuuliza wifi yake kama kweli siku kama hiyo mtu anakwenda kupika. Mama Mwiko akamjibu kwamba mwenye imani hakai kwenye benchi akitafuna kucha, na watoto wa watu lazima wale.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Ukweli wenyewe ni kwamba aliogopa. Pale kwenye ukumbi wa hospitali hapakuwa na kitu cha kukoroga, na mtu aliyezoea kuendesha mambo, mnyang'anye kazi umwambie asubiri, utaona anavyotetemeka.

Basi asubuhi ile alikuwa jikoni, maharage yanachemka, moshi unatafuta dirisha, na mpishi mwenzake anachambua mchele pembeni. Simu hakuwa nayo. Jikoni haji na simu tangu ile ya kwanza ilipomponyoka kifuani ikazama kwenye sufuria, ikaiva pamoja na maharage, na wanafunzi wakamtania muhula mzima. Alikuwa amemwagiza wifi kwamba habari yoyote apige kwa Redio. Huyu Redio alikuwa msaidizi wake kwenye kikundi, mwanamke mwema mwenye moyo mwepesi, ila jina lake hakulipata bure. Namba yake kila mtu alikuwa nayo.

Alisikia viatu kabla ya kuona watu. Alipoinua kichwa, Redio alikuwa mlangoni na akina mama wengine wawili wa kikundi, wamejitanda mitandio, hakuna anayesalimia. Mama Mwiko alitaka kuwauliza wamefuata nini jikoni kwake na vumbi lao. Hakuwahi. Redio alipita kati ya meza na jiko, akamjia moja kwa moja, akanyoosha mkono, akauchukua mwiko.

Hebu fikiria. Mwiko ambao hakuna aliyewahi kuugusa. Yeye mwenyewe aliwafundisha namna ya kuuchukua, polepole, kwa mikono miwili, huku unamtazama mtu usoni. Alijua maana yake kabla ya mtu kusema neno, akajikuta anaushikilia, anauvuta kwake, na Redio anauvuta kwake, wakawa wanavutana kama watoto wanaogombea mwanasesere, mpaka vidole vyake vikaishiwa nguvu vyenyewe.

"Wifi yako amepiga," Redio alisema. "Amesema Fundi ametoka. Amepumzika."

Mpishi mwenzake akapiga yowe, Mama Mwiko akabaki amesimama. Maharage yalikuwa yanachemka mpaka yanamwagika, moto unafanya "shii", na kitu pekee alichokifikiri ni kwamba lazima mtu apunguze kuni. Akasema hivyo. "Punguzeni kuni." Kisha wakamkalisha juu ya gunia la mchele.

Walianza kumpa maneno. Mmoja akamwambia asilie sana, Fundi yuko mahali pazuri kuliko hapa. Mwingine akamwambia Mungu amempenda zaidi. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, ameyasema kwenye nyumba za watu miaka nenda miaka rudi, na sasa yalikuwa yanamrudia moja moja na kila moja lilimpiga kibao. Akakumbuka mjane mmoja aliyemwambia katikati ya sala, "Mama, acha kwanza nimlilie." Siku ile alimhesabia yule mjane upungufu wa imani. Sasa alitamani kwenda kumpigia magoti.

Redio alisema gari la shule litawapeleka nyumbani, akina mama wengine wameshaanza kutoa viti nje, na yeye atawapigia simu mabinti. Hapo Mama Mwiko akapata sauti. Akasema haendi nyumbani. Anakwenda hospitali kumwona mume wake. Wakamkumbusha taratibu, kwamba mfiwa hapelekwi mochwari siku ile ile, kikundi ndicho kinachokwenda. Taratibu nani aliziweka, akawauliza.

"Na hakuna kuwapigia wanangu," akasema. "Sitaki waambiwe na mtu kabla sijamwona kwa macho yangu."

Wakajaribu kumpigia wifi, simu imezimwa. Wakajaribu tena wakiwa wanaingia garini, imezimwa. Redio akasema kwa huruma kwamba labda maskini anataka kulia peke yake.

Dereva wa shule aliizima redio ya gari. Kwenye kiti cha nyuma walikuwa na ule mfuko wa kikundi, ambao kila mara unakaa tayari: shuka jeupe, sabuni, mafuta, na jozi ya soksi nyeupe za kumvika marehemu. Mfuko huo Mama Mwiko mwenyewe ndiye huwa anaukagua. Leo aliuona umewekwa miguuni pake na akausogeza kwa kisigino, taratibu, mpaka ukaingia chini ya kiti.

Redio alianza kuimba, wimbo wa safari ya mbinguni, na wenzake wakaitikia kwa sauti ya chini. Mama Mwiko akawaomba wanyamaze. Hakuwagombeza. Aliwaomba, na hilo liliwatisha zaidi.

Ndani ya ukimya ule akamgeukia Mungu. Msidhani alisali. Aligomba. Nilikupa mguu, alimwambia kimoyomoyo, sikukupa mtu. Nimekusemea kila msiba. Nimekwenda kwa watu ambao mimi mwenyewe sijui uliwafanyia nini, nikakutetea kama wakili, sikula, sikulala, na leo mimi nimemwambia mume wangu haitafika huko, amekubali kwa sababu yangu, na wewe umeninyamazia. Kama ulikuwa hutaki, ungenifunga mdomo. Mdomo wangu unaujua. Alimwambia na mengine ambayo mtu hawezi kuyarudia mbele ya watoto. Gari lilipita sokoni, likapita kwenye taa, likasimama kumpisha mtu anayesukuma mkokoteni, na yeye anagomba tu, machozi yanamtiririka mpaka shingoni bila kuyafuta.

Kisha maneno yakamwisha. Mama Mwiko, maneno yakamwisha. Akajisikia mtupu kabisa, na ndani ya utupu ule akakiona kitu ambacho hakukitegemea: bado alikuwa anaamini. Aliamini kwamba Fundi ataamshwa na kwamba atamwona tena, kwa uso ule ule na "mm" ile ile. Hilo ndilo lililomshangaza, kwamba limebaki. Na halikumpunguzia maumivu hata chembe. Miaka yote alikuwa akiwagawia watu tumaini kama dawa ya kutuliza, akishangaa mbona bado wanalia, na kumbe mtu anaweza kulishika kwa mikono yote miwili na bado akaumia vile vile. Alilishika. Hakuwa na kingine cha kushika.

Mochwari ilikuwa nyuma ya hospitali, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na nje yake bomba linalovuja. Mhudumu alikuwa mzee aliyevaa viatu vya mpira, akaufunga mlango nyuma yake kwanza ndipo akawasalimia. Akina mama wakasimama na mfuko wao. Redio akamweleza wamemfuata nani: fundi mwashi, wa mguu, aliyepasuliwa leo asubuhi. Mzee akaingia ndani. Alikaa muda, wakasikia anavuta kitu chenye magurudumu, anafungua, anafunga. Mama Mwiko alikuwa ameegemea ukuta, na ukuta ulikuwa wa baridi, na alijiambia kwamba mzee akitoka na kumwita, ataingia mwenyewe, hataki mtu amshike mkono.

Mzee akatoka. "Huyo hayupo hapa," akasema.

Wale akina mama wakatazamana. Kila Pasaka wanasomewa habari za wanawake waliokwenda kaburini asubuhi na manukato yao, na wakaambiwa maneno kama hayo, lakini hakuna kati yao aliyethubutu kulitaja. Redio alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Mama Mwiko hakuwaza Pasaka. Aliwaza kwamba wamempoteza, au amelazwa mahali kwenye sakafu, amefunikwa gazeti, wanasubiri nafasi. Akamwomba mzee aangalie tena.

"Nimeangalia mara mbili, mama. Nani aliyekuambia amefariki?"

Akamnyooshea Redio kidole. Mzee akamtaka Redio aseme jinsi alivyoambiwa, neno kwa neno, asiongeze la kwake. Redio akasema kwamba wifi alisema Fundi ametoka, amepumzika, akawa kama anataka kuendelea, na simu ikakatika. Mzee akakuna kidevu.

"Ametoka wapi?" akauliza.

"Ametoka," Redio akasema. "Ametutoka."

"Alisema ametutoka, au alisema ametoka?"

Redio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haikutoka habari. Mzee akamgeukia Mama Mwiko na kumwambia, bila kucheka, kwamba pale hospitali mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji wanasema ametoka, na akiwa amelala vizuri wanasema amepumzika, ila wanaoletwa kwake yeye wanasema wamekufa. Akamwambia aende wodini akaulize.

Hakungoja amalize. Umri wake na unene wake, yule mama alikimbia. Alikimbia akipita chini ya kamba za kuanikia mashuka, akipita watu wenye vikapu vya chakula, mtandio umemwanguka hakuurudia, na moyoni anajizuia, usiamini, usiamini, kwa sababu mtu akifiwa mara mbili siku moja hawezi kuinuka tena. Nyuma yake Redio anakuja na mfuko, anahema, anasema "Yesu, Yesu, Yesu" kila hatua.

Wifi alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amelala amekaa, kichwa kimeangukia kifuani. Alishtuka kuona watu wamemzunguka.

"Wifi, mbona mmekuja mkutano mzima?" akauliza. Kisha akauona ule mfuko. Kila mtu mtaani aliujua. "Huo wa nani?"

"Yuko wapi?" Mama Mwiko alisema.

"Si nilisema ametoka, amepumzika? Yuko kitandani. Amelala."

Mama Mwiko akakaa chini sakafuni. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyefika nyumbani. Redio akaanza kulia kwa sauti mpaka nesi akatoka kumwambia hapa ni wodini. Wifi akawa anawatazama mmoja mmoja, na taratibu akaelewa walichokielewa wao, uso ukambadilika, akasema maneno makali juu ya kikundi cha faraja ambayo hatuyaandiki. Mtu akipumzika amepumzika, alisema, ninyi mnataka watu wazungumze lugha gani? Kila mtu alijua neno lile lilifundishwa na nani. Mama Mwiko hakujitetea. Alimshika wifi yake mguu pale alipokaa, akauegemeza shavu, akasema asante, asante, asante, na haikujulikana anamshukuru yeye au nani.

Lakini wifi hakuwa anashukuru. Alisubiri wenzake watulie, akainama.

"Simu ilizimika kabla sijamaliza," akasema. "Wameukata, wifi. Juu ya goti. Daktari amesema wangechelewa mpaka jioni tungekuwa tunamzika. Yeye bado hajajua. Hajaamka sawasawa."

Redio alisikia. Alizipenyeza soksi chini kabisa ya mfuko, akaukunja mfuko, akauficha chini ya mtandio wake. Mama Mwiko akamwambia aende nyumbani akawaambie watu warudishe viti, na awaambie ukweli wote, mtu yuko hai na mguu haupo, asipunguze wala asiongeze. Redio aliondoka ameinamisha kichwa. Wifi akasema kwamba nesi anaweza kumwambia mgonjwa, wamezoea, ni kazi yao.

"Hapana," Mama Mwiko alisema. "Alikubali kwa neno langu."

Mlango wa wodi ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, na hatua hizo zilimshinda kuliko mbio zote alizotoka kukimbia. Misiba yote aliyoiendea, hakuna hata mmoja alioingia akiwa yeye ndiye mwenye deni la jibu. Alisimama akafuta uso kwa kiganja. Hakuomba maneno. Aliomba asikimbie.

Fundi alikuwa kitanda cha dirishani, amefunikwa shuka mpaka kifuani, midomo imekauka, mpira wa dripu mkononi. Upande wa kulia shuka lilikuwa na umbo la mguu. Upande wa kushoto liliinuka mpaka pajani, kisha likalala bapa. Mama Mwiko alivuta kiti akakaa, akamwangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Angeweza kukaa hapo mwaka mzima akikiangalia.

Fundi alifumbua macho polepole. Alimwona, akasema "mm". Kisha mkono wake ukateremka juu ya shuka, kama fundi anayepapasa ukuta gizani, ukafika pajani, ukaendelea, ukakuta godoro. Ukapapasa tena. Mkono ukasimama.

Hakupiga kelele. Aligeuza uso upande wa dirisha.

"Ulisema haitafika huko," alisema.

"Nilisema."

"Nilikuamini."

"Najua. Nilisema jambo nisilolijua, Fundi. Nilikuwa naogopa, nikamwekea Mungu maneno yangu mdomoni. Kosa ni langu, si lake."

Fundi akasema, bila kumgeukia, kwamba wangemwacha tu afe. Akasema mwashi wa mguu mmoja ni mzigo wa kubebwa na mwanamke, na yeye hakuomba kubebwa, na mkewe kama angekuwa mke mzuri asingewaruhusu.

Zamani, hapa ndipo Mama Mwiko angeanza. Angemwambia asikufuru, angemtajia watu wa kwenye Biblia walioteseka kuliko yeye, angemwahidi mambo. Maneno yalimjia yote, yamejipanga mdomoni, na yeye akayameza.

"Leo nilikuja kukuchukua mochwari," alisema.

Fundi akageuka.

Akamweleza, kwa kifupi, kama wifi angeeleza. Kwamba waliambiwa vibaya. Kwamba tangu asubuhi mpaka saa hizi yeye alikuwa mjane. Kwamba alisimama kwenye mlango wa kijani na mzee akaingia kumtafuta kati ya wafu, na hakumkuta.

"Dunia isiyo na wewe nimeshaiona, Fundi. Nimeishi humo leo. Sirudi huko kwa sababu ya mguu."

Fundi alimwangalia usoni, akaona chumvi ya machozi imekauka mpaka shingoni, na kichwa kisicho na mtandio, jambo ambalo hakuwahi kuliona mchana mbele ya watu.

"Na Mungu wako," akauliza, "anasemaje?"

"Hajasema kitu. Nimemgombeza njia nzima, tangu jikoni mpaka hapa. Nimemwambia maneno ambayo wewe ungeyasikia ungenifukuza nyumbani." Akamshika ule mkono uliokuwa juu ya godoro. "Hakushuka garini."

Fundi akalia. Alilia kama wanaume wanavyolia, kwa kubana meno, halafu akaacha kubana. Mkewe hakumwambia atauona mkono wa Mungu mbele ya safari, hakumwambia anyamaze. Alilia naye, akiwa ameinamisha paji la uso juu ya ukingo wa kitanda, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani ili wapate nafasi yao.

Jua lilihama dirishani. Nesi akaja, akabadilisha dripu, akaondoka. Fundi alikuwa amefumba macho, na Mama Mwiko alijua halali, kwa sababu vidole vyake bado vilikuwa vimebana vya kwake.

"Mama," akasema hatimaye. "Nipe maji."